Nilimdanganya mpwa wangu asiende China, na Ijumaa anaandika kukataa

Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana walimu wengi wa Nachingwea wanafuata ukurasa huu na mpwa wangu ni mmoja wao. Nina miaka arobaini na sita. Shule niliishia kidato cha pili. Kwetu ni Mkotokuyana, wilaya ya Nachingwea, lakini huu ni mwaka wa kumi na moja nipo Namungo, Ruangwa, kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Navuta kamba, nabeba mawe mpaka kwenye karasha ya kuyasaga, mgongo umeshakwisha. Mtasema Namungo na Nachingwea si mbali. Si mbali kwa mtu mwenye cha kurudi nacho. Mimi niliondoka nikimwahidi mama mabati ya nyumba yake, na nyumba yenyewe ilishaanguka zamani.

Mpwa wangu, nimwite Zainabu, ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mama yangu ndiye aliyemlea, na sasa Zainabu ndiye anayemlea mama. Wamepanga chumba Nachingwea mjini, anafundisha Kiingereza sekondari. Mama haoni tena. Zainabu anamwogesha, anampikia, anampeleka chooni kabla ya kwenda shule, na mchana anarudi mbio kumwangalia. Mimi aliyenizaa napiga simu tu.

Mwezi uliopita Zainabu alipata barua ya chuo kimoja cha China. Wanataka akafundishe Kiingereza, mkataba wa miaka miwili. Rafiki yake aliyesoma naye yupo huko, ndiye aliyempa njia. Walimfanyia usaili kwa video akiwa amesimama nyuma ya ofisi ya walimu, ndipo penye mtandao.

Kwetu sisi mtoto wa dada haendi safari kubwa hivyo bila neno la mjomba. Dua inasomwa, sisi ni Waislamu, lakini mjomba pia anashika unga wa mtama, anaumwaga chini na kuwaomba waliotangulia wamlinde msafiri. Mama, na macho yake yale, alishautwanga huo unga na kuufunga kwenye kitambaa. Wakanipigia wote wawili.

"Mjomba, natamani kwenda," Zainabu akasema, "ila siwezi kumwacha bibi peke yake. Ukirudi wewe, mimi naondoka na moyo mweupe. Jirani atakuwa anamwogesha, wewe uwepo tu."

Mama akadakia, "Atakosaje kurudi? Kwani Namungo ndiko nilikomzalia?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijiona nashuka kwenye gari stendi ya Nachingwea na mfuko mmoja wa nguo, baada ya miaka yote hiyo. Nikasema ngoja niulizie kwanza hicho chuo. Baada ya siku mbili nikampigia Zainabu.

"Nimemuuliza Mchina anayetutengenezea karasha," nikamwambia. "Kasema chuo hicho hakipo. Hao ni watu wa kuuza mabinti."

Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Huyo Mchina hata Namungo hakuwepo.

Zainabu akasema, "Basi, mjomba. Wamenipa mpaka Ijumaa ijayo. Nitawaandikia kukataa siku hiyo nikitoka shule. Niwajibu kwa heshima, hata kama ni matapeli."

Jumamosi iliyopita karasha ikagoma, Mchina akaja kweli. Yupo nchini miaka mingi, Kiswahili anakijua. Alipomaliza kazi nikamwonyesha kwenye simu picha ya ile barua, aliyonitumia Zainabu, sijui hata nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka aseme kama nilivyosema mimi. Akasoma yale maandishi ya kwao, akacheka.

"Hiki chuo? Mtoto wa kaka yangu kasoma hapa! Kipo. Nani anaenda, wewe?"

"Mpwa wangu."

"Afadhali. Wewe Kiingereza chako kibovu kama hii mashine." Vijana wote wakaangua kicheko. Halafu akaniambia taratibu, "Mwambie abebe sweta nzito. Na viza iwe ya kazi. Wakimwambia aende na viza ya kutembea, asipande ndege."

Barua imeandikwa viza gani, sijui. Ipo kwa Kichina na Kiingereza, na mimi siwezi kuisoma. Wa kumuuliza ni Zainabu mwenyewe, na nikimuuliza itabidi nieleze kwa nini nauliza leo.

Jumapili nilipiga simu nikiwa nimeazimia kusema. Zainabu akaniwahi.

"Mjomba, nimewasimulia walimu wenzangu. Nimewaambia mjomba wangu ana akili kutuzidi sisi wenye digrii. Umeniokoa. Asante."

Nikaitikia. Jamani, niliitikia ile asante.

Mama akaomba simu. Akasubiri Zainabu atoke nje, kisha akauliza, "Yule Mchina ulimuuliza, au ulijiuliza mwenyewe?"

Nikasema mtandao unakatika, mama. Akasema, "Haya. Unga wangu sijaupika. Bado nimeufunga."

Leo ni Jumatatu. Sikuogopa China, niliogopa nyumbani. Nikisema ukweli, Zainabu atajua kwamba mjomba aliyemwamini alimuuza kwa woga wake, na lazima nirudi nikakae na mama mikono mitupu. Nikinyamaza, Ijumaa jioni anaandika kukataa, na ataendelea kunishukuru mpaka nife.

Mliowahi kufundisha huko China, niambieni kama hilo la viza ni kweli. Na ninyi mlio na wajomba, nishaurini: habari hii mngependa kuipata kwa simu, au mjomba mwenyewe aje asimame mlangoni na mfuko wake mmoja wa nguo? Nawasomeni nyote. Ila msichelewe, Ijumaa ni karibu.