Vitabu Kwenye Chanja ya Kahawa

Juzi binti yangu alifungua kitabu kipya cha hadithi, na harufu ya karatasi ikanirudisha kijijini kwetu Ruanda, kwenye chanja ya kuanikia kahawa.

Vitabu vipya vya shule yetu vilikuwa vimenyeshewa njiani, na mwalimu akamwomba mama avianike pale, vikiwa wazi.

"Geuza kurasa kama unavyogeuza kahawa," mama aliniambia. "Usisimame kusoma, mvua inakuja."

Nilisoma. Nilidhani ni hadithi moja iliyogawanywa kwenye vitabu vyote, basi nikaifuata, ukurasa mmoja kila kitabu, kutoka ncha moja ya chanja hadi nyingine. Msichana alipanda mtumbwi kuvuka ziwa. Kitabu cha pili, fisi alivaa suti. Cha tatu, bibi alisonga ugali. Msichana je? Nikakimbilia kinachofuata. Radi ikapiga, na mwalimu akaja mbio kuvikusanya.

"Shikamoo mwalimu. Yule msichana alivuka?"

"Msichana yupi?" akauliza, kisha akaenda kuvifungia kabatini visichafuke.

Sasa najua kila kitabu kilikuwa na mwisho wake. Lakini hata leo wingu likitanda nashindwa kukaa: msichana wangu bado yuko katikati ya ziwa.