Mzee wa Tanuru ya Kobalti

"Nani ameongeza makaa?" mzee wa tanuru alifoka. "Mnaipika kobalti kama githeri! Moto wa wastani unaipa ganda jeusi, tunalisaga kupata rangi ya buluu. Moto ukizidi inageuka kijivu, na vikombe tutavipaka nini?" Mikono yake haikuwa na unywele hata mmoja. Kila asubuhi alikwangua ganda la chuma hicho cha kobalti kwa ukucha wa dole gumba aone rangi, akatema mate kando, na sisi wanawake wa makaa tukamcheka. Siku hiyo Manubhai, mwenye karakana hiyo ya Thika, aliona kijivu akamfukuza arudi kwao Ruiru. Mzee alinitazama. Alijua ni mimi niliyezidisha moto, kwa kuwa nilitaka kumaliza mapema. Akakunja aproni, pembe kwa pembe. "Makaa niliongeza mimi, bwana," nikasema, nikachukua kiondo changu niondoke. Mzee akavaa aproni tena. Hata hakuniaga.