Hatamu ya Mbwa Wangu

Sitaki tena kuulizwa kama mbwa wangu alikuwa anauma. Nimeulizwa Kerende, nimeulizwa Tarime mjini, nimeulizwa mpaka msibani, mtu ameshika sahani ya wali. Mbwa wangu hakuuma. Hakuwahi kumuuma mtu, mbuzi wala kuku, na kile alichovaa usoni hakikuwa cha kumzuia asiume. Nasema hivi na ninajua huniamini, maana watu wa kule hawakuniamini, nami ndiye niliyekuwa nawazalisha na kuwashona vidonda.

Serikali ilinipeleka Kerende kuwa nesi wa zahanati, mimi mtu wa Njombe niliyezoea baridi na ukimya. Nikakuta dhahabu imewatia watu wazimu. Mashimo yalichimbwa mpaka nyuma ya vyoo. Mashamba ya mihogo yaligeuka sehemu za kuoshea mchanga, na makarasha, zile mashine za kuvunjia mawe ya dhahabu, yalisaga kutwa nzima, ukianika shuka jeupe unalianua la kijivu. Watu walitoka kila mkoa, wengine walivuka kutoka Kenya kupitia Sirari, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba shimo lake ndilo.

Mbwa nilimrithi kwa mzungu mmoja mpimaji wa miamba. Mkataba wake uliisha, ndege haikumchukua mbwa, akaja zahanati kuniomba kwa sababu alikuwa ameniona nikimgawia makombo. Lilikuwa dume kubwa la rangi ya kahawia, lenye masikio yaliyolala na moyo wa ndama. Jina lake nitabaki nalo mwenyewe.

Tatizo lilikuwa bega langu. Nilianguka na pikipiki nikitoka Turwa, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo mkono wa kulia haunyanyui hata ndoo. Yule mbwa akiona panya upande wa pili wa barabara, alikuwa ananiburuta kama jembe. Kumwacha azurure nisingeweza, maana kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia kata ya jirani na mwenyekiti wa kijiji alishatangaza kwamba mbwa asiye na mtu atauawa. Ndipo mzungu, kabla hajaondoka, akanipa hatamu. Mkanda mmoja unapita nyuma ya masikio, mwingine unapita juu ya pua, umelegea, na kamba inaungwa chini ya kidevu. Mbwa akivuta, kichwa chake kinageukia kwako, anasimama mwenyewe. Mdomo uko huru kabisa. Anapiga miayo, anabweka, anakunywa, anakula, na akitaka kuuma anauma vizuri tu.

Nilidhani Kerende wangenielewa haraka kuliko watu wote. Punda wa kubeba maji na mawe walikuwa wanapita mlangoni kwangu siku nzima, na kila mmoja kichwani ana kamba ya namna ileile. Hakuna aliyewahi kusema punda amefungwa mdomo.

Lakini kule, kitu kikikaa kwenye mdomo wa mnyama kina maana zake. Ng'ombe wa palizi hufungwa wavu wa kamba mdomoni asile mahindi ya jirani, kwa hiyo aliyefungwa ni mlafi, au ananyimwa. Halafu kulikuwa na wenye makarasha. Walikuwa wameleta mbwa wa ulinzi kutoka mbali, wamevishwa vifuniko vya nyaya mdomoni, na walipotaka kuwatisha wezi wa mawe walivivua vile vifuniko. Kuna watu niliwashona mapaja kwa sababu ya hao mbwa. Basi kijiji kizima kilishika somo moja, mpaka watoto wa chekechea: ukiona mbwa amevuliwa, okota jiwe.

Ndivyo tulivyotembea kila jioni, mimi na mbwa wangu, katikati ya watu wenye majibu tayari. Akina mama waliwavuta watoto pembeni. Vijana waliniuliza ameshakula watu wangapi mpaka kufungwa hivyo. Wengine walinicheka tu, mbwa anatembezwa, kwani ni mtalii? Mzee wa duka, Mwislamu aliyetoka Tanga miaka mingi, alikuwa akikwepa mbwa wote asiguswe na mate yao, ila wangu alimwacha apite karibu na kanzu yake. Aliniambia amefurahi kuona nimemziba, hata mate hayatoki. Nikamwambia mzee wangu, mate yanatoka kama kawaida, shikilia kanzu. Akacheka, akadhani namtania, na kesho yake alisimama palepale.

Siku ya kupima watoto uzito nilichoka nikaamua kuonyesha. Nilimtoa mbele ya akina mama wote pale zahanati, nikampa tonge la ugali. Akafungua domo lote, meno nje, akameza, akapiga na mwayo juu yake. Nikawageukia, mnaona? Walikuwa wanaona. Mmoja akasema kwa upole kwamba leo nesi amelegeza ili tuone. Nilicheka kwa hasira, kisha hasira ikabaki peke yake. Wanasema ni kumpigia mbuzi gitaa, lakini mbuzi angalau habishi.

Mtu pekee aliyempenda alikuwa bibi jirani. Alikuwa mjane, anaponda mawe kwa nyundo uani kwake na kuyauza kwenye karasha, na vidole vyake vilikuwa vimepondeka mpaka havikunjiki. Kila jioni nilimpitia. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, kisha anamwinamia mbwa na kumpa pole yeye, siyo mimi. Ananiuliza kwa nini nimemnyima kinywa hata leo. Namweleza upya, namwingizia kidole kati ya mkanda na pua ili aone nafasi ilivyo. Anaitikia ndiyo, ndiyo, kama mimi ninavyomwitikia mgonjwa anayeweweseka kwa homa.

Siku yenyewe jua lilikuwa bado kali. Tulikuwa uani kwa bibi waliponijia wanaume wawili wanakimbia. Mtu ameteleza shimoni huko chini, mguu umevunjika, hasogezeki. Mbwa nisingeweza kumwingiza kwenye umati ule, na zahanati ilikuwa upande mwingine. Bibi akanyoosha mkono achukue kamba. Alishawahi kunishikia, na mbwa alimzoea. Akaketi kwenye kivuli cha nyumba, akaniangalia ninavyoteremka.

Nilikuwa nafunga ule mguu kwa mpini wa sururu niliposikia kelele mlimani. Neno lilikuwa moja, linarushwa mtu kwa mtu kushuka kwenye mashimo. Amevuliwa.

Nikainuka. Alikuwa anakuja mbio kwenye kijia, uso mtupu, masikio nyuma, vilevile alivyokuwa akinikimbilia uani nikitoka kazini. Ninajua alikuwa ameshaniona. Waliokuwa mbele yake wao waliona meno. Kerende mtu anaweza kukosa maji, anaweza kukosa chumvi, jiwe hakosi. Nilipiga kelele kwamba ni wangu, haumi, mwacheni. Kijana mmoja, niliyewahi kumzalisha mkewe, akasimama mbele yangu ametandaza mikono, amenikinga, wala hakuwa na hasira.

"Nesi, kaa nyuma yangu," aliniambia. "Wamemvua."

Walikuwa wananiokoa mimi. Hilo ndilo lililonimaliza, na linanimaliza mpaka leo. Ningepata mtu mbaya mmoja pale, mlevi, mwenye chuki, ningemlaani nikalala. Sikumpata. Kulikuwa na wanaume wanaohema kwa hofu, wanaoniuliza kama ameniparua, na mbwa wangu yuko chini, amekufa, macho bado yanatazama upande niliosimama. Mwenye mguu alikuwa analia. Nikarudi nikamaliza kumfunga, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumfunga.

Bibi alikuja asubuhi yake na kibuyu cha maziwa ya mgando na kitu amekifunga kwenye kanga. Alianza kulia kabla hajaketi. Akanieleza jinsi ilivyokuwa. Joto lilikuwa kali, mbwa anahema, ulimi umening'inia nje, akamwonea huruma. Akamtilia maji kwenye sufuria. Kifungo kikawa kigumu kwa vidole vyake, ndipo akachukua kisu cha kumenyea mihogo akakata mkanda. Mbwa akanywa maji yote. Kisha akanyanyua kichwa, akasikia sauti yangu huko chini, akaondoka. Shingoni hakuwa na kitu cha kumshika.

Ulimi umening'inia nje. Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, na hakusikia alichosema. Nilitaka kumuuliza mdomo uliofungwa unatoaje ulimi, bibi. Nilitaka kumuuliza kwa sauti ambayo kijiji chote kingesikia.

Akafungua kanga. Ilikuwa ile hatamu. Ameishona pale alipokata, kwa uzi wa gunia, mshono mdogomdogo, imara kuliko kiwanda kilivyoshona. Sijui vile vidole vilishikaje sindano. Lazima alikesha nayo. Akaniwekea mapajani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Ulikuwa unanieleza kila siku na mimi sikusikia. Sikujua kama alikuwa mkali namna ile."

Nilifungua mdomo nimweleze. Maneno nilikuwa nayo, nilishayasema mpaka yamechakaa: juu ya pua, umelegea, kama punda. Kisha nikaona yangemfikisha wapi. Akinielewa leo, baada ya miaka yote ile ya kutonielewa, atajua kwamba alichokata hakikuwa kinamzuia mbwa kunywa, na kwamba aliyepigwa mawe alikuwa mpole, anamfuata mtu wake tu. Angeondoka na hilo, arudi nalo uani kwake, aponde nalo mawe mpaka kufa. Nikaangalia vile vidole.

"Ndiyo, bibi," nikamwambia. "Alikuwa mkali."

Akashusha pumzi. Akafuta macho kwa pindo la kanga, akanywa maziwa kidogo kwanza kama wafanyavyo kwao kumwonyesha mgeni kwamba ni salama, kisha akanipa kibuyu. Nikanywa, naye akaenda kwenye mawe yake. Kabla ya jioni Kerende nzima ilikuwa inajua kwamba mbwa wangu alikuwa mkali, na safari hii neno hilo walikuwa wamelipata kwa nesi mwenyewe.