Mguu Usioshikika

Pale mazizini walimwita Taratibu, wakamsifu kwa kitu asichokuwa nacho. Walidhani ana subira. Alipoletwa yule farasi jike mwekundu, mkali kama pilipili, hataki mtu wala kamba, Taratibu aliingia naye uwanjani, akamsogelea kidogo, na mara mnyama alipomwelekezea masikio yote mawili, akampa mgongo akaenda zake. Kila siku hivyo hivyo. Farasi ukimfukuza anakimbia. Ukimwacha, udadisi unamtafuna. Haukupita muda mrefu jike akawa anamfuata nyuma, anamnusa kola ya shati.

Watu wakasema subira huvuta heri. Subira gani! Mwenzao alikuwa anaogopa. Tangu farasi mwingine alipomvunja mbavu kwa teke, kugeuka na kuondoka ndiyo kazi pekee aliyoifanya kwa moyo mkunjufu. Mkewe tu ndiye aliyejua, maana ndiye aliyemfunga vifungo vya shati asubuhi, mumewe akishindwa kuvifunga mwenyewe kwa hofu.

Sasa ukwato mmoja wa nyuma wa jike ulikuwa umetunga usaha. Mwenye farasi, ambaye ni shemeji yake, alikwisha kata shauri: daktari wa mifugo anakuja leo, na jike asipokubali kushikwa mguu, apigwe risasi apumzike. Asubuhi hiyo mke alikawia kwenye kifungo cha mwisho.

"Kwa mwoga huenda kicheko, baba watoto. Sifa waachie wengine."

Akatoka kwenda mazizini.

Daktari alisubiri langoni na kisu chake. Shemeji alikuwa kando yake, bunduki imo garini. Taratibu alianzia shingoni, akapapasa mgongo, akashuka kiunoni. Mkono ulipofika pajani, mguu ukashtuka, naye Taratibu akaruka nyuma. Akarudia, akaruka tena. Shemeji akakohoa.

Hapo ndipo alipoelewa. Kila alipoukimbia ule mguu, jike naye alijifunza kwamba mguu ule ni wa kuogopwa. Kuondoka, kulikomjengea jike imani yote ile, sasa kulikuwa kunamuua.

Akainama. Akaegemeza bega pajani pa mnyama, akateremsha mkono, akabana kidogo juu ya ukwato. Jasho lilimwingia machoni. Mguu ukainuka, mzito, ukamlalia gotini.

Alitaka kunyamaza kama shujaa, akashindwa.

"Njoo sasa, daktari. Naogopa."

"Unaogopa? Tangu lini?" shemeji akauliza.

"Tangu siku ya kwanza, shemeji."

Hakuna aliyecheka. Daktari alipiga magoti, akakata. Usaha ukaruka, jike akavuta mguu kwa nguvu, na mwili mzima wa Taratibu ukataka kukimbia. Alilegeza mkono, ila hakusogea. Mguu ukaning'inia hewani, ukitetemeka, kisha ukarudi wenyewe gotini kwake.