Betri Isiyoanikwa Juani

Siku yangu ya kwanza katika huduma ya macho, mkuu wa kitengo alinipa tochi ndogo ya kuenea kiganjani, na betri yake kando. Nilikuwa nimeuguza wodini miaka mingi, nikadhani tochi ni tochi.

"Hii ni betri ya lithiamu," aliniambia. "Inachajiwa, haitupwi. Ukiiweka mfukoni pamoja na funguo, chuma kikagusa ncha zake zote mbili, paja litaungua kabla hujamaliza kusema Bwana Yesu."

Hakucheka, nami sikucheka.

Betri kavu ya redio ina volti moja na nusu, nayo hufifia polepole. Mwanga unageuka njano, nawe unajidanganya kwamba bado unaona. Betri moja ya lithiamu hukaribia volti nne, na taa yake ya LED hubaki nyeupe karibu hadi mwisho. Kisha kinga iliyomo ndani huikata ghafla, isije ikaishiwa kabisa na kuharibika.

Weupe ule ulikuwa neema kwetu. Tulitafuta vikope, yaani kope zilizopinda kwa ndani, zikikwaruza jicho kila mtu apepesapo, hadi apofuke. Tena kope yenyewe ni nyembamba, na nyumba ya tembe, yenye paa bapa la udongo, ina giza hata adhuhuri.

Kutoka ofisini Makole, mjini, nilipelekwa vijijini, kupita Makutupora, chini ya muuguzi kiongozi, mama mtaratibu aliyeanza kila kazi kwa sala. Huko tulimkuta Bibi Sechelela. Kwa muda mrefu alikuwa aking'oa kope zake kwa kibanio na kuwakimbia watu wa macho. Asubuhi ile alikubali.

"Niangalieni leo," alisema. "Kesho nitakuwa nimepata akili."

Jua lilimchoma macho, hivyo tukamkagulia ndani. Kiongozi alipogeuza kigubiko cha jicho la kwanza, tochi ikazimika. Usiku umeme ulikuwa umekatika kambini tulikolala, betri haikujaa. Betri ya akiba ilikuwa na wenzetu kitongoji cha pili.

Tulitoka kunawa mikono. Tuliporudi, tochi ilikuwa wazi, tupu. Matika, mke wa mwanawe Bibi, alikuwa ameianika betri juu ya paa la udongo, kati ya mtama na betri za redio.

"Nimewasaidia," alisema kwa furaha. "Za redio zikikaa juani huwa zinaamka."

Niliigusa, ilikuwa ya moto. Nikataka kuirudisha kwenye tochi, labda ingewaka kidogo.

"Acha," kiongozi alisema. "Joto huiharibu kwa ndani. Inaweza kuvimba, hata kushika moto. Siisogezi karibu na uso wa mtu." Akaiweka mchangani, mbali na nyumba.

Matika aliinamisha kichwa. "Mama, nimewaharibia."

"Hujaharibu, mwanangu. Hii hailishwi jua, inalishwa chaja."

"Kumbe nayo ina masharti kama mganga!" Bibi alisema, akishika fimbo yake. "Basi mimi naenda kwa mbuzi wangu."

Nilijua akienda harudi. Kiongozi akaketi chini, akavuta ungo wa karanga. "Bibi, hizi utamwachia nani? Keti tubangue." Kisha akaniambia, "Chukua baiskeli, ukalete ile ya akiba. Ije kwenye kikasha chake cha plastiki, isigusane na kitu."

Njia nzima niliomba. Niliporudi, ungo ulikuwa umejaa, na Bibi alikuwa bado pale, akimcheka kiongozi kwa vidole vyake vya mjini. Tochi ikawaka nyeupe. Kope kadhaa zilikuwa zikikwaruza, lakini kioo cha jicho kilikuwa bado safi. Wiki ile ile alifanyiwa upasuaji mdogo wa kigubiko cha jicho.

Nilihamishwa vituo vingine, nikawa msimamizi, nikawafundisha wengine kuchomoa betri kwenye chaja ikishajaa na kuitenga iliyovimba. Sasa nimestaafu, naishi Miyuji. Namshukuru Mungu, maana mikono niliyopewa ilikuwa na la kufanya.

Siku yangu ya mwisho kazini tulikuwa na kambi kijiji kile kile. Bibi Sechelela alikuja bila fimbo, amemshika Matika mkono. Matika alikuwa akifuta jicho lililokuwa likimwasha na kutoa machozi, kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, Bibi," nilisema.

"Marahaba. Hiyo tochi yako imeshiba?"

"Imeshiba, Bibi."

"Basi mwangalie huyu. Anaogopa kama nilivyoogopa mimi." Akaketi kando yake, akavuta pumzi. "Sina haraka. Mbuzi watanisubiri."