Siku Nilipokisugua Kikaango cha Mama Mkwe

Nitawasimulia, lakini naomba mcheke polepole, kwa sababu kicheko hiki kilianzia kwa wakwe zangu, kikazunguka mtaa wetu wote wa Mutakura hapa Bujumbura, na nadhani mliobaki ni nyinyi tu. Mimi Hamisi, baba wa watoto wawili, mtu mzima mwenye ndevu, niliaibika mbele ya mama mkwe wangu na mbele ya wageni waliokuja kuleta posa, wala hakuna aliyenisukuma, nilijitafutia mwenyewe kwa mikono yangu miwili.

Kazi yangu ni toliye, yaani nanyoosha mabati ya magari yaliyogongwa halafu nayapaka rangi, hapo hapo Mutakura. Sasa mtu wa kazi hii ana ugonjwa mmoja: akiona chuma cheusi chenye magamba, mkono unamwasha. Kwetu sisi cheusi ni uchafu, na kazi haijaisha mpaka chuma king'ae uone meno yako. Mke wangu Zuhura alishanizuia mara nyingi kugusa vyombo vyake, na mimi nikadhani ananionea huruma nisichoke.

Mama mkwe, Bi Mwajuma, alikuwa (bado anacho, Mungu mkubwa) na kikaango cha vitumbua cha fonte, kile chuma kizito cha kumiminwa, chenye vishimo saba, alichoachiwa na bibi yake. Kilikuwa cheusi! Nje kimeota ganda la masizi, na ndani ya vishimo kina weusi laini wenye kung'aa, kama nywele zilizopakwa mafuta. Vitumbua vyake mtaa mzima unavijua, ukikigusa kimoja kwa kijiti kinageuka chenyewe, hakishiki wala hakichaniki. Mimi nilidhani ni ufundi wa mkono wake tu. Sikujua kwamba nusu ya ufundi ule ilikuwa imekaa kwenye ule weusi.

Basi, mdogo wake Zuhura, Aziza, alikuwa na mchumba, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa zamani wa mjini, watu wenye asili ya Oman, ambao siku hizi wanakaa kule juu Kiriri. Walishasubiriana miaka miwili, na aliyekuwa anawachelewesha ni mtu mmoja, Bi Sharifa, shangazi aliyemlea yule kijana, ambaye neno lake kwao halirudiwi. Mwishowe akakubali kuja na posa siku ya Jumapili, lakini akatanguliza ujumbe kwamba haji kula biskuti, anakuja kuona huyo Mwajuma anavyopika vitumbua, ndipo atasema la kusema. Tangu siku hiyo Aziza chakula hakikumshuka.

Jumamosi asubuhi mama mkwe akanituma kitu kidogo sana.

"Mukwe, hii mukono ya kikaango imelegea. Unikazie tu bolti. Kesho asubuhi niko na kazi nayo."

"Sawa, mama." (Kwa mama mkwe mimi ni mtu wa "sawa, mama" huku natazama chini, hata maji akinipa napokea kwa mikono miwili.)

Kukaza bolti kulinichukua dakika tano. Ningekirudisha pale pale, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini nikakigeuza, nikaona yale magamba, mkono ukaanza kuwasha, nikajiambia kesho wanakuja watu wa Kiriri, watu wa vyombo vya kumeremeta, watamkuta mama mkwe na chuma kilichochakaa namna hii? Nikajiona mkwe mwema kuliko wakwe wote wa Bujumbura. Nestor, mwenzangu wa garajini, ambaye kila asubuhi anatoka Kinama kwa miguu na ana busara ambayo huwa siitaki, aliniona nachomeka mashine ya kusugulia.

"Hamisi, we ulitumwa mukono. Ushike mukono, ingine uache."

"Nyamaza, Nestor. Nataka kumufurahisha mama."

"Mama mukwe? Apana, mi siko ndani."

Nikafunga brosi ya waya kwenye mashine nikasugua nje, nikaingia kwenye vishimo kimoja kimoja, nikamaliza kwa msasa laini, nikaosha kwa sabuni ya unga na maji tele, na kile kikaango, jamani, kiling'aa kama rimu ya gari jipya. Nikakifuta haraka haraka, nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki, juu yake karatasi ya zawadi yenye maua, na utepe. (Ndiyo, utepe. Nilitoka kwenda kuununua.) Zuhura aliponiuliza kikaango kiko wapi nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakipeleka mwenyewe.

Jumapili saa nne wageni walishafika. Kwa Bi Mwajuma vitumbua havipikwi jikoni vikaletwa vimepoa, vinapikwa uani watu wakitazama, kwa hiyo wanawake walikuwa wameketi kuzunguka mbabula, lile jiko la makaa, moto umekolea, unga wa mchele umeumuka, iliki inanukia mpaka barabarani. Wanaume walikuwa sebuleni kwa mazungumzo ya posa, na kiti changu kiliwekwa humo, pembeni ya baba mkwe. Nilivaa kanzu nyeupe mpya. Kule uani Bi Sharifa alikuwa kiti cha mbele kabisa, bangili mpaka karibu na kiwiko, miwani puani, hacheki na mtu.

Mtu mwenye akili angempa mama mkwe kifurushi chake kimya kimya akaenda kukaa na wanaume wenzake. Mimi nilisimama katikati ya ua nikakohoa. Nikamwona Zuhura ameshafumba macho, maana kikohozi changu anakijua.

"Asalaam aleikum, mama zetu. Huyu mama yetu ametukulisha miaka mingi na chuma nyeusi. Leo, sababu ya heshima ya wageni, mi mutoto wake nimeifanya mupya. Mutajiona ndani kama kwenye kioo!"

Wakanipigia makofi. Nikavuta utepe.

Kilikuwa na rangi ya matofali. Kumbe nilikifunga kina unyevu, na usiku kucha ndani ya ile plastiki kutu ilikuwa imekipanda kila mahali, vishimo vyote saba, na maji ya rangi ya chungwa yakaanza kuchuruzika kwenye maua ya karatasi. Makofi yakakatika. Mimi ndiye niliyeshangaa kuliko wote, nikakigeuza nikidhani nimebadilishiwa.

Mama mkwe hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alishika tu ncha ya mtandio wake akasema taratibu, "Kitu ya bibi yangu." Nilitamani ardhi inimeze. Mlangoni Aziza alijifunika uso kwa viganja, na Bi Sharifa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Hapo nilipaswa kuomba radhi na kukaa chini. Badala yake nikasema ni kutu kidogo tu, nikaikwangua kwa mchanga, nikaifuta kwa pindo la kanzu (ndiyo, ile nyeupe), nikakitupia kikaango kwenye moto, nikamimina mafuta mpaka vishimo vikafurika, nikasema, "Jaribu sasa, mama." Kwa adabu zake akajaribu. Kitumbua cha kwanza kilishika, cha pili kikashika, alipokichokoa cha tatu kikatoka upande wa juu peke yake, wa chini ukabaki umenata, na hicho kilichotoka kilikuwa cha kijivu. Mafuta yakamwagikia makaa, moto ukaruka, moshi ukajaa uani, wageni wa Kiriri wakaanza kukohoa kwenye mitandio yao, na mimi kwa kutaka kuokoa hali nikanyakua ndoo ya maji.

"We! Acha maji!" Bi Sharifa alikuwa ameshasimama. "Fonte ikiwa moto, ukiimwagia maji baridi inapasuka vipande viwili! Weka chini! Weka chini nakwambia!"

Nikaweka ndoo chini. Bi Sharifa akavua bangili moja moja akampa mwenzake azishike, akaja mpaka kwenye mbabula, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye pindo la kanzu.

"Baba yangu alikuwa anauza hivi vikaango dukani. Hiki hakijakufa. Umekivua nguo tu. Sasa utakivalisha we mwenyewe, na sisi tunaangalia." Akamgeukia mama mkwe. "Mwajuma, unaniruhusu?"

"Mufundishe, dada yangu. Mi nikimushika leo nitamuumiza."

Hapo ndipo wanawake walipoanza kucheka, na hawakuacha mpaka jua lilipopinduka. Kikaango kilipopoa nilichuchumaa mbele yao nikakisugua mpaka kutu ikaisha, nikakikausha juu ya makaa mpaka unyevu wote ukatoka, halafu nikapewa kitambaa na mafuta. Nikamimina.

"Apana, baba!" Bi Sharifa akanizuia. "Hatupiki supu. Paka, halafu pangusa yote, kama mutu aliyekosea kupaka. Ile itabaki yenyewe inatosha."

Basi ni kupaka, kupangusa, kuweka kwenye moto mpaka moshi utoke na uishe, kuacha kipoe, na kuanza upya. Mara ya kwanza kikawa rangi ya chai. Mara ya pili kahawia. Kutoka sebuleni nikamsikia baba mkwe anauliza, "Hamisi iko wapi?" na Zuhura, mke wangu wa ndoa, akamjibu dirishani kwa sauti ya kusikika Kiriri nzima, "Iko anavalisha kikaango!"

Wanaume wakatoka mmoja mmoja kuja kuona, na hawakurudi ndani. Wazee wa Kiriri wakavua makoti, wakaletewa chai, mazungumzo ya posa yakaendelea hapo hapo uani huku kila mtu akinielekeza pa kupangusa. Bi Sharifa na mama mkwe walihamia mkeka mmoja wakawa wanabishana kuhusu iliki, kama watu waliokua pamoja. Ugeni uliopangwa kuwa wa saa moja ulikuwa unaingia saa ya tatu, nami nimelowa jasho na masizi, magoti yanauma, nikajikuta nafurahi. Nadhani ni kwa sababu nilimsikia Aziza anacheka.

Baada ya mara ya tano vishimo vikawa vyeusi, na mama mkwe akachota unga akamimina. Kitumbua kikaumuka, akakigusa kwa kijiti, kikazunguka kizima, bila kuacha hata chembe. Vigelegele! Cha kwanza alipewa Bi Sharifa, akatafuna polepole, nasi sote tunamtazama mdomo.

"Aziza," akasema, "njoo ukae hapa karibu yangu, binti yangu."

Aziza alilia, Zuhura akalia, na mimi nikalia kidogo nikasingizia moshi. Mama mkwe akaniwekea kitumbua cha pili mkononi. "Kula, mukwe. Ukimaliza, toka kwenye jiko yangu."

Mngedhani yameishia hapo. Siku ya ndoa, mbele ya watu wote, msemaji wa Kiriri alisimama akasema kwamba Bi Sharifa anampa bibi harusi kikaango cha marehemu mama yake, cheusi tititi, ila kwa sharti moja: yule bwana toliye asikiguse, hata kikipata vumbi, na aape sasa hivi. Nikasimama masikio yakiwaka, nikanyanyua mkono, nikaapa kwamba chombo chochote cheusi cha jikoni nitakiacha cheusi mpaka naingia kaburini. Nilidhani wanatania. Sheikh akaomba kalamu, akaliandika lile neno, akanisogezea karatasi. Kwa hiyo kwenye karatasi za ndoa ya shemeji yangu kuna sahihi ya bwana harusi, kuna za mashahidi, na chini kabisa kuna yangu mimi, ya kuahidi kutoosha vyombo.