Medali ya Dominika

Papa, mzee aliyenifundisha kazi ya radio, alikuwa na medali, nami nikapewa yangu. Msicheke kwanza. Radio ninayosema ni ile ya lopitali, mashine ya kupiga picha ya mifupa. Na medali ilikuwa kisanduku kidogo chenye namba, kipande cha filimu ndani yake, na pini ya kukifunga kifuani. Kila mwisho wa mwezi munganga wetu, daktari Mbelgiji, alikusanya zile filimu, akazituma kwa ndege, tukapewa mpya. Hakutueleza zilikuwa za nini. Alisema tu kwamba atakayeipoteza yake atakiona.

Sasa kitu kizuri namna ile utakivaa kazini? Dawa ya kuoshea picha ilirukaruka, ikatia madoa kila mahali. Kwa hiyo siku za kazi medali zetu zililala kabatini, nyuma ya tabliye, aproni nzito ya madini ya risasi ambayo munganga pekee aliivaa. Dominika tulizitoa, tukazifunga kwenye koti, tukaenda misa. Mtaa wote wa Kadutu ulitutazama. Mke wa Papa, mama wa kutoka kijiji cha Miti asiyependa mzaha, aliisugua pini ya mume wake kwa majivu mpaka ing'ae. Na barua za kule zilikopelekwa filimu zilirudi kila mara na jibu moja: hakuna kitu. Tulijisifu, tukidhani tumepata maksi nzuri.

Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji ikaja amri kwamba hakuna mtu atakayegusa mashine ya radio bila kufanya egzame ya kujikinga na miali yake. Mtahini angekuja kwa ndege. Atakayeshindwa atarudi kumwaga vyungu vya wagonjwa, kazi niliyoifanya miaka mitatu na sikuitaka tena hata kwa dawa. Tulipewa kaye moja, daftari la Kifaransa lililopigwa kwa mashine. Papa hakusoma Kifaransa. Tukapatana: mchana, baada ya kazi, nitamsomea kwa Kiswahili nyumbani kwake, naye atanifundisha mashine yenyewe mpaka niijue kama mfuko wangu.

Siku ya nne au ya tano, mke wake alikuwa ametuletea mahindi ya kuchemsha, nikafungua ukurasa wa medali. Nilisoma kimoyomoyo kwanza, kama kawaida, ili nipate maneno ya kumwambia. Nikaliweka hindi langu chini. Kumbe ile filimu haikuwa heshima ya mtu! Ilikuwa ya kupima miali iliyompiga kazini, na kazini ndiko ilikopaswa kuvaliwa. Sisi tuliificha nyuma ya risasi isiyopitisha miali wiki nzima, kisha tukaipeleka kupigwa jua la Dominika. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: ni marufuku kujaribu mashine kwa mkono wako mwenyewe, kwa maana ngozi itakauka, kucha zitapasuka, na vidonda havitapona.

Nikautazama mkono wa Papa ulioshika gunzi. Kila asubuhi aliuweka mbele ya kioo cha mashine, akahesabu mifupa ya vidole vyake ili ajue kama moto wa mashine unatosha. Mtoto akilia, ni yeye aliyemshika ndani ya miali mpaka picha itoke, na munganga akiwa nyuma ya ukuta wake. Sisi tulisema Mzungu yule anaogopa harufu ya vidonda. Kucha za Papa zilikuwa zimepasuka tangu nimjue. Penye kidole cha shahada palikuwa na kidonda ambacho yeye alisema kimeletwa na dawa ya picha.

Aliniuliza ukurasa unasema nini. Nikamwambia unasema juu ya kuosha chupa.

Nitasema kwa nini, na anayetaka kunitukana anitukane. Nikimwambia, hataingia tena chumbani, na nani atanifundisha mashine? Nilijidanganya pia kwamba natafuta ushahidi, ili munganga asije akatuita waongo. Basi nikamwambia Papa kuwa mtahini atapenda kuona medali kifuani siku za kazi. Alinung'unika juu ya madoa, lakini akaivaa. Mimi pia nilikuwa nikiuweka mkono wangu kwa zamu; kuanzia kesho yake sikuuweka tena. Asubuhi nilichelewa makusudi, nikamkuta amekwisha kujaribu mashine.

Wiki sita zikapita hivyo.

Mtahini alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyetuuliza hali za nyumbani kabla ya kufungua mkoba. Akatoa bahasha ya filimu zetu za mwezi uliopita, zilizokwisha kuoshwa kule, akainua moja dirishani. Ilikuwa nyeusi tititi. Munganga akacheka, akasema vijana wake wameifungua juani, na kwamba chumba hiki hakijawahi kuwa na tatizo, barua zote zipo. Mtahini hakumjibu. Alinigeukia mimi akaniuliza naona nini.

Niliona vizuri sana. Katikati ya weusi kulikuwa na mraba mdogo mweupe, pale kisanduku cha medali kinapobeba kipande chake cha chuma. Kaye ilisema jua likiingia huunguza kote sawasawa, lakini miali huzuiwa na kile chuma, ikaacha alama yake. Nikajibu hivyo, kwa Kifaransa safi, neno kwa neno. Sauti yangu ilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Munganga aligeuka mwekundu. Mtahini akaandika, kisha akauliza namba hii ni ya nani.

Papa alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la misa. Hakuelewa Kifaransa, lakini namba yake aliijua. Akainua mkono kama mwanafunzi, mkono uleule. Mtahini alipouona akaweka kalamu chini, akamfuata, akaushika kwa vidole viwili. Siku ileile Papa alikatazwa kuingia chumbani, nami nikaambiwa nimeshinda.

Nilimkuta nje ya lopitali, kwenye ngazi. Nikamwambia yote kwa Kiswahili, ukurasa mzima, safari hii bila kuruka mstari. Alisikiliza huku akigeuza mkono juu na chini. Nilingoja amlaani munganga.

"Ulijua tangu siku gani?" akaniuliza.

"Tangu ile siku ya mahindi, Papa."

Akahesabu, midomo ikichezacheza.

"Ule mutoto wa kutoka Minova wa mguu kuvunjika, nilimushika nyuma ya ile siku ya mahindi. Na bale mapacha. Wote nyuma ya mahindi." Akanitazama usoni. "Wewe mukono yako ulikuwa unaweka wapi?"

Ulikuwa mfukoni, na hata wakati ule ulikuwa mfukoni. Akafungua pini ya medali polepole, kwa mkono wa kushoto maana wa kuume ulimuuma, akanipa pamoja na ufunguo wa chumba. Mwaka uliofuata walimkata vidole viwili, na picha ya kabla ya kukata niliipiga mimi, nikiwa nyuma ya ukuta.